Muulize Mama Hakimu: "Ukoo ulikaa kikao, nikaambiwa mimi niliachika"

Barua za safari hii ni za talaka na mirathi, na nyingine zimechanganya vyote viwili. Majina nimeyaacha, na barua nimezifupisha kwa sababu baadhi yenu mnaandika kama mnatoa ushahidi. Ninayewajibu ni hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo. Miaka yangu ya kiti niliimalizia Morogoro, na siku hizi kiti changu ni kile cha barazani.

"Shikamoo Mama Hakimu. Mimi na mume wangu tulifunga ndoa kanisani Mwanza mwaka 2004, tukahamia Dar es Salaam. Mwaka 2009 tulinunua kiwanja Mbagala tukajenga kidogo kidogo. Mimi ni mama lishe. Mwaka 2018 alihama, akaenda kuishi na mwanamke mwingine Chanika na wamezaa mtoto. Mahakamani hatukuwahi kwenda. Mume amefariki. Siku ya kuvunja matanga ukoo ulikaa, ukamchagua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi. Niliambiwa nisiingie kikaoni kwa kuwa tulishaachana. Sasa shemeji analeta madalali kuitazama nyumba ninayoishi na watoto watatu. Mkataba wa kiwanja una jina la marehemu peke yake. Nimekutumia picha ya mkataba na ya muhtasari wa kikao. Nina haki gani?" – Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Muhtasari nimeusoma. Ni kurasa mbili za daftari, mahudhurio watu kumi na tisa. Nimeikuza picha: sahihi za watu wengi humo zimetoka mkono mmoja, hata ile J yenye mkia mrefu ni ileile kwa mjomba, kwa shangazi na kwa binamu. Jina lako lipo namba 17, pembeni wameandika "waliachana", na sahihi hakuna. Uichapishe hiyo picha vizuri. Wao wameona wamekufuta, kumbe wameacha ushahidi kwamba walijua upo na hawakukuita.

Ndoa ya kanisani humalizwa na vitu viwili tu: kifo, au amri ya mahakama. Kuhama si talaka. Kulala nyumba mbili tangu 2018 si talaka. Mchungaji kushindwa kuwapatanisha si talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kabisa hapo. Kwa hiyo siku mume wako alipokata roho ulikuwa mke wake wa ndoa, na tangu siku hiyo wewe ni mjane wake. Cheti cha ndoa unacho? Kama kimepotea, nenda kanisa mlilofungia na ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, uombe nakala, na usiahirishe.

Mwenzako wa Chanika atasema wameishi zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo sheria inamhesabu mke. Kifungu hicho kipo, ni cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi wakatambulika kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo huvunjika kwa ushahidi, na ushahidi wa kuivunja ni cheti chako. Mwanamume mwenye ndoa hai ya Kikristo hawezi kudhaniwa ameoa mke wa pili.

Tuje kwa shemeji. Watu wakisikia "msimamizi wa mirathi" wanadhani ni mrithi mkuu. Hapana. Msimamizi ni mtumwa wa mirathi: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa wenye haki, kisha anarudi mahakamani kutoa hesabu. Na ukoo haumteui, unampendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, na bila barua ya uteuzi mkononi shemeji yako hana mamlaka ya kuuza hata sufuria. Swali la kumuuliza mbele ya mashahidi ni hili: "Shemeji, shauri la mirathi ni namba ngapi, na liko mahakama gani?" Akibabaika, hajafungua. Akikutajia namba, nenda kwa karani uombe kuliona jalada. Una haki hiyo, na karani akikuzungusha muone hakimu mfawidhi.

Kama hajateuliwa, weka pingamizi kwa maandishi, uambatishe cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama ameshateuliwa, unapeleka ombi la kutengua uteuzi kwenye mahakama ileile, ukieleza kwamba mjane na watoto walifichwa. Papo hapo omba amri ya kuzuia uuzaji wa nyumba hadi ombi lisikilizwe. Na angalia ni mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyefunga ndoa kanisani na kuishi mjini maisha yake yote, mbali na mambo ya kimila, mahali pake ni mahakama za juu zaidi. Ndugu wengi hukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu ni karibu, na kwa sababu pale wanaweza kusema "sisi tunafuata mila."

Hiyo mila wanayoitaja ina andiko. Ni kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, na humo mjane hana fungu maadamu marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Wakaenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaitaka Tanzania izirekebishe. Nakuambia haya ili usishangae shemeji akizitaja kwa kujiamini. Mawakili wake wa kijiweni wanazijua. Ikikubalika kwamba marehemu hakuishi kimila, itakayotumika ni sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, Waingereza walituletea na mpaka leo tunayo. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na watoto wanagawana theluthi mbili.

Lakini kabla ya kugombania mafungu kuna hatua watu wanairuka, na hapo ndipo wajane wengi wanaliwa. Kinachogawiwa katika mirathi ni mali ya marehemu, na ulichochuma wewe si mali ya marehemu. Nyumba iliyojengwa kwa jasho la wawili, kwanza linatolewa fungu lako kama mwenye mali. Kinachobaki ndicho mirathi, na humo pia unaingia tena kama mjane. Kwa hiyo lazima uthibitishe jasho lako, na hapa nakupongeza bila wewe kujua. Kwenye picha ya mkataba wa 2009, chini ya sahihi ya muuzaji, shahidi wa pili wa upande wa mnunuzi ni nani? Ni wewe, kwa jina lako kamili, na muhuri wa serikali ya mtaa umepita juu ya sahihi yako. Hujaandikwa mnunuzi, sawa, lakini ulikuwepo pesa zikihesabiwa. Tafuta na daftari la kikoba la miaka ile, risiti za saruji na mabati, na fundi aliyepokea malipo mkononi mwako. Mteja wako wa wali anayekumbuka matofali yakishushwa naye anafaa.

Wiki hii hii mwandikie mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba nyumba ina mgogoro wa mirathi na asigonge muhuri kwenye mauziano yoyote. Nakala moja akusainie amepokea. Madalali wakija, waonyeshe. Dalali wa Dar es Salaam haogopi machozi, anaogopa kiwanja chenye kesi.

Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na vituo vya msaada wa bure. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wamezoea kesi za namna yako. Ulizia pia ofisi ya ustawi wa jamii.

La mwisho hutalipenda. Yule mtoto wa Chanika usimpige vita. Mama yake hana ndoa, lakini mtoto ni wa marehemu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa stahiki ya mali ya mzazi wake. Ukiingia mahakamani ukimkana, utamsaidia shemeji kukuchora kama mchoyo. Mtaje mwenyewe kwenye orodha ya watoto.

"Mama Hakimu, mimi ni fundi seremala, nina karakana Kihonda. Ndoa imenishinda, nataka talaka. Mke wangu hajawahi kufanya kazi tangu nimuoe miaka kumi na mbili iliyopita, ni mtu wa nyumbani tu. Kila siku yeye ni kuwapikia vijana wangu sita wa karakana na kuandika daftari la oda. Kiwanja cha karakana nilipewa na marehemu baba kabla sijaoa. Nyumba ya kuishi nimejenga mwenyewe. Rafiki amenishauri niiandike kwa jina la mama kabla ya kesi kuanza. Sitaki kumdhulumu mtu, ila sitaki pia kupoteza jasho langu." – Fundi, Morogoro

Fundi, umenichekesha. Hajawahi kufanya kazi, ila kila siku anawapikia wafanyakazi sita na kukuwekea vitabu. Ungemuajiri mpishi na karani, kwa mwezi ungewalipa kiasi gani?

Jambo hili lilimalizwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Majaji walisema kazi ya mke ya kutunza nyumba na familia ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, na inahesabiwa mahakama inapogawa. Mkeo hahitaji risiti ya saruji. Kiasi cha fungu lake ni suala la ushahidi, si lazima nusu, lakini mikono mitupu haondoki.

Wanawake wanaoitaja kesi hiyo kwenye semina huwa hawaifikishi mwisho, kwa hiyo nawe nikuambie. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, na mahakama ikaona amezitapanya, yaani fungu lake alishalila. Kanuni ikabaki na majina yao, yeye akatoka bila fungu. Kwa hiyo daftari lile la oda alitunze yeye, na wewe usilichome. Litawahesabia wote wawili.

Kiwanja cha baba ni chako, ulikuja nacho. Ila kama karakana imepanuliwa sana ndani ya ndoa kwa nguvu zenu wawili, mahakama inaweza kuiangalia nayo. Sheria inasema hivyo kuhusu mali iliyopatikana kabla ya ndoa na kuendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa.

Sasa ushauri wa huyo rafiki yako. Kwanza, nyumba ya ndoa huiuzi wala huigawi bila ridhaa ya mwenzako, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza. Pili, hakimu akiona nyumba imehamia kwa bibi wa miaka sabini wiki tatu kabla ya kesi, hahitaji shule kubwa kuelewa. Nilizisikiliza za namna hiyo, na mama mzazi akishapanda kizimbani kuulizwa bei ya mabati huwa anasema ukweli kabla ya swali la tatu. La tatu ndilo ambalo rafiki hakulifikiria: una ndugu wangapi? Nyumba ikiwa ya mama kwa maandishi, mama akifariki ni mirathi ya mama. Kaka zako na dada zako watakaa kikao kuigawa, na wewe utasimama pale kueleza kwamba ile ilikuwa danganya toto ya kumkimbia mkeo. Nani atakusikiliza?

Ukitaka talaka, njia ni hii. Nenda baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo unayoambatisha kwenye shauri. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Bila hati shauri linatupwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kama mwenzi aliyetoweka. Kuhusu watoto hukuuliza, na nimeliona hilo. Wa chini ya miaka saba kwa kawaida hubaki na mama isipokuwa kuna sababu nzito, wakubwa husikilizwa, na matunzo ni juu yako popote watakapokaa.

"Assalaamu alaykum. Mimi ni mzee wa Pangani. Nina mke mmoja, watoto wawili wa kiume wako Muscat, na binti mmoja aliyerudi kwa mumewe baada ya talaka na ndiye anayetuuguza. Mali yangu ni nyumba moja. Nataka kuandika wosia nyumba iwe ya binti. Imamu ananikataza, mwanangu wa Muscat ananiambia niandike tu kwa mwanasheria." – Mzee wa Pangani

Wa alaykum salaam mzee wangu. Nadhani ulikusudia binti aliyerudi kutoka kwa mumewe.

Imamu yuko sahihi. Kwa Muislamu wosia hauvuki theluthi ya mali, na haumpi mtu ambaye tayari ni mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya kifo chako. Binti ni mrithi. Muhuri wa mwanasheria haubadilishi hilo.

Bila kufanya lolote, gawanyo la warithi uliowataja ni hivi. Igawe nyumba mafungu 40: mke, thumni yaani moja ya nane, mafungu 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Ndiyo kusema anayekuogesha leo atakuwa na chini ya moja ya tano ya nyumba anayoishi, na wenzake wakitaka pesa zao nyumba itauzwa.

Njia uliyonayo ni hiba, zawadi ya mtu aliye hai. Hapo theluthi haihusiki, ila uwe na afya yako na akili zako, kwa sababu hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wosia, na utakuwa umerudi palepale. Masharti yake ni kutoa, kupokea na kukabidhi. Watu wanakosea kwenye la tatu: mzee anaandika karatasi, anaifungia kabatini, anaendelea kupokea kodi ya chumba cha uani mwenyewe. Akifa, wana wa kiume wanasema hakukabidhi, na mara nyingi wanashinda. Kwa hiyo andika mbele ya imamu na mashahidi wasio wa nyumba hiyo, badilisha jina kwenye hati au kwenye ofisi ya ardhi, mpe binti funguo na karatasi zote, kodi aanze kupokea yeye. Nawe na mama yake mkae kwa ruhusa yake, na hiyo ruhusa iandikwe pia, nisije nikapata barua nyingine kutoka Pangani.

Lakini huyo wa Muscat mbona ananipa moyo? Mtoto wa kiume anayesema "mpe dada, andika tu" ni nadra. Mwambie yeye na mwenzake waandike kwamba wanajua na wameridhia hiba. Wanavyuoni wanahimiza usawa kati ya watoto katika zawadi, na ridhaa yao itakuondolea uzito moyoni. Itakuondolea na kesi.

"Mume wangu yuko Afrika Kusini. Ameniandikia talaka tatu kwa WhatsApp. Je, nimeachika?" – Bi Mkubwa, Tanga

Kwa dini, mpelekee kadhi wa BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, ujumbe huo kama ulivyo, na simu usiifute. Yeye ndiye wa kukuambia kama talaka imepita na eda yako inaanza lini. Kwa sheria ya nchi, bado u mke mpaka mahakama itoe amri. Baraza la BAKWATA likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na talaka ikatamkwa kwa mujibu wa dini, mahakama inaipokea hiyo kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri yake. Amri hiyo ndiyo itakayokufungulia mgawanyo wa mali. Wengi wanaishia kwa sheikh, wanaolewa tena, kisha yule wa kwanza anafariki na wanarudi kudai au kudaiwa. Nenda mpaka mwisho. Na kama ujumbe umeuhifadhi kwenye simu moja tu, mtumie na dada yako.

"Niko Voi, Kenya. Wakili mmoja ananiambia talaka ni nusu kwa nusu, mwingine anasema siyo. Yupi mkweli?" – Msomaji, Voi

Kenya si shamba langu, ila hili limeamuliwa hadharani. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iliyoripotiwa kwa herufi tu, JOO dhidi ya MBO, ilisema usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba haumaanishi kila mmoja achukue nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 mchango si pesa tu: kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba vyote vimetajwa. Ukiwa Muislamu unaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu kwenye mali ya ndoa. Yule wakili wa pili ndiye wa kumpa jalada, mradi akuulize kwanza ulichangia nini na una karatasi gani.